TUDAI KANUNI KABLA YA KUDAI VITI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Wingwi, Pemba)



Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, na ndugu zetu wanachama wa Mapofu, Mtemani, Njuguni na kila mliotoka:

Mbele yetu pana hoja iliyoandikwa na baadhi ya wanachama wa tawi hili, nayo ni fupi. Yasema kwamba katika madai yetu ya mabadiliko ya Katiba, la kwanza liwe kurudishiwa Pemba viti vyake 21 katika Baraza la Wawakilishi, kama ilivyokuwa katika uchaguzi wa 1995 na wa 2000. Tumeletwa hapa tuisemee. Tumeisoma, tukaisoma tena, kisha tukaipigia hesabu kama tulivyofundishwa chuo cha ualimu, ambako jibu lisiloonyesha njia halipati maksi. Na baada ya hesabu hiyo tumeona kuwa hatuwezi kuiunga mkono jinsi ilivyo. Twaomba mtusikilize mpaka mwisho, ndipo mtukatae.

Tuanze na yaliyotokea. Katika 1995 Zanzibar ilikuwa na majimbo 50, na 21 kati ya hayo yalikuwa ya Pemba. CUF ilivitwaa viti vyote 21 vya kisiwa hiki, ikapata na vitatu Unguja, jumla 24. CCM ikapata 26. Ulipofika uchaguzi wa 2005 majimbo yalikuwa bado 50, lakini Pemba ilikuwa na 18 na Unguja 32. Katika 2015 yakawa 54, na yote manne ya nyongeza yakaangukia Unguja. Katika 2020 yakarudi 50, Pemba ikabaki na 18 yake. Mtu akiyatazama haya akiwa Wingwi husema: tumenyang'anywa. Na hasira yake ina sababu, kwani anayekata mipaka ni Tume ambayo wajumbe wake huteuliwa na Rais, ingawa baadhi yao kwa mapendekezo ya upinzani. Naye Rais aghlabu ni mgombea au ni kiongozi wa chama chenye mgombea.

Lakini ndugu zetu, hasira si hesabu. Tutazame sensa. Katika sensa ya 1988, Pemba ilikuwa na kiasi ya watu 4 katika kila 10 wa Zanzibar, na viti 21 katika 50 ni kiasi hicho hicho. Katika sensa ya 2002 tulikuwa kiasi ya 37 katika kila 100, na viti 18 katika 50 ni 36 katika kila 100. Mtatuambia kuwa waliokata walikuwa na nia mbaya. Yawezekana. Lakini kipimo walichokitumia kinasomeka, na mtu wa Unguja akitandika karatasi hizi mbele ya hakimu, hakimu atampa haki.

Sasa njooni kwenye sensa ya 2022. Zanzibar nzima ilihesabiwa watu 1,889,773. Pemba watu 543,441. Hata 29 katika kila 100 hatufiki. Kiti kimoja cha Pemba, tukigawa kwa 18, kina watu kama 30,000. Kiti kimoja cha Unguja, tukigawa kwa 32, kina watu kama 42,000. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba leo, kwa hesabu ya vichwa peke yake, Pemba haidai. Pemba inadaiwa. Tukisimama tukasema "mtu mmoja, kura moja, turudishieni 21", atainuka mtu upande wa pili aseme "barabara, mtu mmoja kura moja", atachukua kalamu, na atatupa viti 14. Basi mwenye hoja hii, kwa nia njema kabisa, anatufungulia mlango tusioweza kuufunga.

Tumesikia wengine wakinong'ona hapa nyuma. Tunajua neno hili si tamu. Kuna maneno ya aina hiyo yatabidi yasemwe na mtu wa humu humu ndani, asije akatuambia mtu mwingine kwa kejeli.

Wala si mara ya kwanza visiwa hivi kuumizwa na hesabu ya viti. Julai 1957 waliochaguliwa kwenda Baraza la Kutunga Sheria walikuwa watu sita tu, wawili wao wa Pemba, na mama zetu hawakuruhusiwa kupiga kura kabisa. Januari 1961 viti vikawa 22: ASP ikapata 10, ZNP 9, ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawika, wawili huku na mmoja kule, zikawa pande mbili za 11 kwa 11, Serikali haikuundika. Kiti cha Chake Chake kilikuwa kimeamuliwa kwa kura moja tu! Ikaongezwa nafasi moja, viti vikawa 23, uchaguzi ukarudiwa Juni 1961, na watu 68 wakauawa katika fujo za siku zile. Kisha Julai 1963 viti vikawa 31. ASP ikapata kura 54 katika kila 100, lakini viti 13 tu. ZNP na ZPPP wakapata 18, wakaunda Serikali, na Mzee Mohammed Shamte wa Pemba akawa Waziri Mkuu. Serikali hiyo ikapokea uhuru 10 Disemba 1963, na 12 Januari 1964 ikapinduliwa.

Hatuyasemi haya ili kufukua makaburi. Wazee wengi wa huku kaskazini walikuwa upande ulioshinda viti, na mpaka leo huona uchaguzi ule ulikuwa halali. Kwa sheria ya siku zile, ulikuwa halali. Lakini tujiulize kwa insafu: upande uliopata kura nyingi ukakaa nje, ulihisi nini? Ulihisi kama tunavyohisi sisi tangu 2005. Kanuni ya kukata majimbo isiyokubaliwa na pande zote ni khatari kwa anayepoteza, na ni khatari zaidi kwa anayeshinda. Basi tusiombe mkato utakaotufaa sisi uchaguzi mmoja.

Sasa tuulize swali ambalo hoja haikuliuliza. Watu wa Pemba wamekwenda wapi? Katika miaka 34, tangu 1988 hadi 2022, sehemu yetu imeshuka toka 4 katika 10 mpaka chini ya 3 katika 10. Hatukufa kwa tauni. Wala si kwamba hatuzai, mama zetu ni mashahidi. Tumehama. Tuko Ng'ambo ya mji wa Unguja, tuko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, na wengine Maskati. Kila nyumba hapa ina mtoto aliyepanda jahazi au meli na begi moja, akasema anakwenda kutazama maisha, na mpaka leo anayatazama huko huko.

Na kwa nini wanahama? Uchunguzi wa Serikali yenyewe wa mapato na matumizi ya kaya wa 2004/05 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya watu wa Wilaya ya Micheweni, yaani wilaya hii, walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya lazima. Hakuna wilaya Zanzibar iliyokuwa mbaya kuliko yetu. Miaka kumi baadaye, uchunguzi wa 2014/15 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wa Pemba ni maskini kwa kipimo hicho, na Unguja ni kiasi ya mtu mmoja katika watano. Hizi si khabari za upinzani. Zimepigwa chapa na Serikali.

Basi viti vyetu vitatu havikupotelea katika ofisi ya Tume. Vilipotelea bandarini Wete na Mkoani, kijana mmoja mmoja, kwa kukosa kazi, kwa kukosa maji, kwa kukosa skuli yenye walimu wa kutosha. Fedha za umma zisipofika mahali, watu huzifuata zilipo. Watu wakishaondoka, na viti huwafuata. Na viti vikipungua, nani atasimama Barazani kudai fedha? Ndiyo maana twasema hoja hii imeshika mkia ikaacha kichwa.

Tuseme basi juu ya fedha, na hapa twataka tukae kidogo.

Sehemu kubwa kabisa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba. Sisi wa Micheweni ardhi yetu ni ya mawe, tunaishi zaidi kwa bahari, kwa samaki na kwa mwani wanaolima mama zetu. Lakini wenzetu wa Wete, Chake na Mkoani wanajua yaliyopita. Tangu kuundwa kwa shirika la ZSTC katika 1968, kwa miaka mingi mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja tu wa halali, na aliyekutwa usiku na gunia akielekea Shimoni au Mombasa aliitwa mfanya magendo. Mkulima huyo alipewa sehemu ndogo ya bei ya dunia. Ni katika 2011 tu Serikali ilipoamua alipwe asilimia 80. Twaishukuru kwa hilo. Lakini zile fedha za miaka iliyotangulia, kiasi gani kilirudi katika kisiwa kilichozitoa? Hapana mtu awezaye kukuonyesha, kwa sababu Katiba ya Zanzibar ya 1984 haina ibara inayosema fedha za Serikali zigawanywe baina ya wilaya kwa kipimo gani. Waziri huja na bajeti, barabara hii imo, ile haimo. Ukipata waambiwa ushukuru. Ukikosa waambiwa usubiri.

Na ndugu zetu, hivi ndivyo hasa Zanzibar inavyoilalamikia Jamhuri ya Muungano! Mambo ya Muungano yalikuwa 11 mwaka 1964; yakaongezwa, la fedha za nchi katika 1965, mafuta na gesi katika 1968, na mengine, mpaka yakafika 22 katika 1992. Ibara ya 133 ya Katiba ya Muungano yasema kutakuwa na Akaunti ya Pamoja ya Fedha, na ya 134 yataka Tume ya Pamoja ya Fedha yenye wajumbe wasiozidi saba, ichambue mapato na matumizi ya mambo ya Muungano na kushauri kila Serikali ichangie kiasi gani na ipewe kiasi gani. Sheria ya Tume hiyo ilitungwa 1996. Tume yenyewe ilianza kazi 2003. Na hata 2014, Bunge Maalumu la Katiba lilipokaa Dodoma, ile akaunti ilikuwa haijafunguliwa. Mahali pa kanuni pakawekwa mgao wa muda, Zanzibar ipewe asilimia 4.5 ya misaada ya nje. Mgao wa muda! Na muda huo ukawa miaka na miaka.

Sasa mtu wa Bara husema: nyinyi ni watu 3 katika kila 100 wa Jamhuri, mnapewa 4.5, mnalia nini? Na Mzanzibari hujibu: sisi hatukuingia Muungano kama mkoa, tuliingia 26 Aprili 1964 kama nchi, na mshirika hahesabiwi kwa vichwa. Jibu hilo ni zuri na twalishika. Kwa sababu yake Zanzibar ina majimbo 50 katika Bunge la Muungano, ambayo kwa vichwa isingeyapata hata kidogo. Lakini hatuwezi kulishika tukielekea Dodoma, kisha tukalitupa tukielekea Unguja. Wala Unguja haiwezi. Anayesema Zanzibar isipimwe kwa vichwa peke yake mbele ya Bara, hana budi akubali kuwa Pemba isipimwe kwa vichwa peke yake mbele ya Unguja. Hapo ndipo penye nguvu yetu, si katika 21.

Je, pana watu waliokwisha kuliandika jambo kama hili? Wako, tena si mbali. Tukivuka tu hapa kaskazini tunafika Kenya. Katiba yao ya 2010 imeweka kipimo cha watu kwa kila jimbo, kisha ikaruhusu jimbo kuzidi au kupungua kwa asilimia 30, na kwa miji na sehemu zenye watu wachache mpaka asilimia 40. Kimeandikwa, aliyeonewa aweza kwenda Mahakamani akanyoosha kidole kwenye mstari. Fauka ya hayo wana Seneti, ambamo kila kaunti katika 47 ina seneta wake mmoja wa kuchaguliwa. Lamu, yenye watu 143,920 kwa sensa ya 2019, ina seneta mmoja. Nairobi, yenye watu 4,397,073, ina mmoja. Kwa hiyo katika nyumba moja wamehesabu watu, na katika nyumba ya pili wamehesabu mahali.

Na katika fedha? Kaunti zote kwa pamoja hazipewi chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Lakini sikilizeni yalivyoandikwa: ni asilimia 15 ya mapato ya mwisho yaliyokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Yaani ukaguzi ukichelewa, mgao hupimwa kwa hesabu za zamani, zilizo ndogo. Kwa ibara moja wameunganisha fedha na ukaguzi, hata kaunti yenyewe ikawa na haja ya kumsukuma mkaguzi amalize kazi. Pia wana mfuko wa kusawazisha, nusu ya asilimia moja, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Msidhani huko ni peponi. Katika 2020 maseneta walivutana miezi juu ya kanuni mpya ya mgao, wenye watu wengi wakitaka vichwa vihesabiwe zaidi, wenye ardhi kubwa na umaskini wakikataa. Lakini waligombana juu ya kanuni, mchana, na wananchi wanasikia. Sisi hata cha kugombania hatuna.

Limebaki la usimamizi, nalo tutalipita kwa haraka kidogo kwa kuwa jua linakwenda. Wazanzibari tulipiga kura ya maoni 31 Julai 2010, na watu 66 katika kila 100 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Tuliikubali kwa sababu tulichoka kuzika. Wengi wetu tuliokuja leo kutoka makao ya wilaya tulikuwa bado tunabebwa mgongoni 27 Januari 2001, watu walipoandamana Pemba na Unguja kudai Katiba mpya na uchaguzi mpya, hapa Micheweni pia, na risasi zikapigwa. Tume ya Brigedia Hashim Mbita ilihesabu waliokufa 31. Wengine wakakimbilia Shimoni kwa ngarawa. Katika kijiji hiki neno "katiba" halikusomwa kwenye vitabu.

Basi umoja twautaka. Lakini umoja una shimo lake. Vyama vyote vikubwa vikiwa Serikalini, nani anabaki Barazani kuikagua Serikali? Na baada ya uchaguzi wa 25 Oktoba 2015 kufutwa, na marudio ya 20 Machi 2016 kususiwa na CUF, Baraza lilikaa bila mjumbe wa upinzani hata mmoja aliyechaguliwa jimboni. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ikisomwa mbele ya Baraza kama hilo, aliyeandikwa humo ataona aibu mbele ya nani? Viti 21, viti 18, viti 100, haviwezi kitu ikiwa aliyekaa juu yake hana sababu ya kuuliza.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, twaleta marekebisho ya hoja. Mahali paliposema "virudishwe viti 21" paandikwe kwamba Katiba itaje kipimo cha watu kwa jimbo na kiasi ambacho jimbo laweza kupungua au kuzidi, na kwamba kisiwa chochote kisipungukiwe na theluthi moja ya viti vya kuchaguliwa. Theluthi moja ya 50 ni 17. Ndiyo, ni chini ya 18 tulivyo navyo. Lakini 17 iliyofungwa katika Katiba haishuki 14 ati kwa sababu sensa ya mbele imetukuta wachache zaidi, na mtu wa Unguja aweza kuikubali bila ya kuona ameibiwa. Kisha paongezwe kwamba fedha za maendeleo zigawanywe kwa wilaya kwa kanuni itakayotaja idadi ya watu na umaskini vyote viwili, na itangazwe kabla ya bajeti, si baada yake. Mkaguzi Mkuu athibitishwe na theluthi mbili za Baraza. Kamati ya kuchunguza hesabu za Serikali isiongozwe na mtu wa chama chenye Waziri wa Fedha. Na ripoti ya ukaguzi, sehemu ya kila wilaya, ibandikwe katika ofisi ya halmashauri ya wilaya hiyo, mtu wa Wingwi aisome kwa macho yake bila ya kumwomba sheha barua.

Kuhusu Muungano tumeandika mstari mmoja tu: akaunti ya ibara ya 133. Wengine watataka tuandike serikali tatu, kama ilivyopendekeza Tume ya Jaji Warioba katika rasimu zake za 2013. Tunaijua rasimu hiyo, tuliisoma. Tunajua pia kuwa Bunge Maalumu liliiondoa, likapitisha ya kwake 2 Oktoba 2014 huku upinzani uko nje, na kwamba kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 iliahirishwa. Jambo hilo ni kubwa kuliko kikao cha leo, nalo lina siku yake. Leo twataka jambo ambalo hata asiyetaka serikali tatu hana la kujibu, kwa kuwa limo katika Katiba anayoitetea.

Mwenye hoja ya 21 yupo hapa, ni mtu wetu, na ameitumikia tawi hili kabla sisi hatujajua kusoma. Twaomba, Mwenyekiti, apewe yeye nafasi ya kwanza kutujibu, kwa muda ule ule tuliopewa sisi. Karatasi ya hesabu tumeiacha mezani kwa katibu. Anayetaka kuikagua na aikague. Kisha kura zipigwe kwa kuinua mikono, mama zetu wahesabiwe pamoja na wanaume na si baada yao, na idadi iandikwe daftarini ya waliokubali na ya waliokataa.